Doa Lisilouma Kwenye Uume: Mambo Ambayo Wanaume wa Kitale na Bungoma Wanapaswa Kujua

Kuna doa ambalo mwanaume anaweza kukaa nalo miaka mitatu bila kumwambia mtu. Haliumi. Halitoi usaha. Halimzuii kulima, kuendesha bodaboda wala kulala na mkewe. Hutokea kwenye kichwa cha uume au upande wa ndani wa govi. Huwa jekundu, laini kama kitambaa cha mahameli, linang'aa kana kwamba limepakwa mafuta, na ukingo wake huonekana wazi kama mpaka wa shamba lililopimwa. Madaktari huliita erithroplasia ya Queyrat.

Doa hilo si saratani iliyoenea, lakini si ugonjwa wa kawaida wa ngozi pia. Ngozi ya binadamu ina tabaka la juu, na chini yake kuna utando mwembamba unaolitenga na nyama, mishipa ya damu na mitoki. Katika ugonjwa huu, seli za tabaka la juu zimeshabadilika na kuwa na sura ya saratani, ila bado zimezuiliwa juu ya ule utando. Ni kama magugu yaliyojaa ndani ya kitalu kabla hayajavuka ua na kuingia shambani. Yakiwa kitaluni, mtu mmoja huyang'oa kwa asubuhi moja. Yakishavuka, kazi inakuwa nyingine kabisa.

Vitabu vya tiba vinakadiria kwamba kati ya wanaume 100 wenye doa hili wasiotibiwa, 10 hadi 30 hatimaye hupata saratani kamili ya uume. Haitokei kwa wiki wala kwa mwezi. Mara nyingi ni suala la miaka. Muda huo mrefu ndio nafasi ya kupona, na ndio pia unaowafanya wanaume wengi wadhani hakuna haraka.

Jina Queyrat ni la daktari wa ngozi wa Ufaransa, Louis Queyrat, aliyeueleza ugonjwa huu mjini Paris mwaka 1911. Mwaka uliofuata, John Bowen wa Boston, Marekani, alieleza mabadiliko ya aina hiyohiyo kwenye ngozi ya sehemu nyingine za mwili. Yakitokea kwenye shina la uume badala ya kichwa chake, bado huitwa ugonjwa wa Bowen. Kwenye shina doa huwa kavu, lina magamba, na halina ule mng'ao. Siku hizi madaktari huyaweka yote mawili katika kundi moja la mabadiliko ya seli yanayotangulia saratani ya uume, kwa sababu vipimo ni vilevile.

Ugonjwa nadra, lakini si wa mbali

Ugonjwa huu ni nadra. Afisa wa kliniki anaweza kufanya kazi miaka mingi katika zahanati ya Kiminini au Sirisia bila kuuona hata mara moja, au akauona bila kuutambua. Hata hivyo, eneo hili la Mlima Elgon liko jirani na mahali ambapo saratani ya uume ilichunguzwa kwa kina kuliko sehemu nyingi za Afrika.

Mahali hapo ni Uganda. Katika miaka ya 1960, saratani ya uume ilikuwa miongoni mwa saratani zilizowapata wanaume wengi zaidi katika sehemu kadhaa za nchi hiyo. Daktari mpasuaji Sebastian Kyalwazi wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha mwaka 1966 mapitio ya wagonjwa 153 waliolazwa Mulago kwa saratani hiyo. Idadi hiyo, kwa hospitali moja tu, inatosha kuonyesha uzito wa jambo. Wengi wa wagonjwa wa aina hii hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeshakula nyama, na hapo kisu huwa hakina budi kukata kwa ukali.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1965, Dodge na Kaviti walikuwa wamechapisha katika jarida la tiba la Afrika Mashariki ulinganisho wa makabila ya eneo hili: yapi hutahiri, yapi hayatahiri, na saratani ya sehemu za siri imeangukia wapi. Mchoro uliotokea ulikuwa wazi. Palipo na tohara ya wavulana, saratani ya uume ilikuwa adimu. Pasipokuwa nayo, ilikuwa jambo la kawaida zaidi wodini.

Kwa Bungoma, hilo linaeleza mengi. Wabukusu hutahiri kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, hasa mwezi wa Agosti, kama ndugu zao Wagisu wanavyofanya upande wa pili wa mlima. Watachoni na Wasabaoti nao wana tohara yao. Mvulana anayetahiriwa kabla ya utu uzima hukua bila govi, na bila govi ile nafasi yenye joto na unyevu ambamo uchafu mweupe hujikusanya na ngozi kuwashwa kila siku haipo tena. Kinga hii ni kubwa. Lakini si ngao kamili: ugonjwa wa Bowen unaweza kuota kwenye shina la uume wa mtu aliyetahiriwa tangu ujana, na hata kovu la tohara si mahali ambapo doa haliwezi kutokea. Mwanaume aliyepita jandoni hana sababu ya kulala na hofu, ila akiona doa lisilopona asijiambie kwamba yeye haimhusu.

Kitale ni habari tofauti kidogo. Mji huu ulikua kutokana na mashamba makubwa yaliyovuta wafanyakazi kutoka kila upande, na leo mtu akisimama sokoni husikia Kibukusu, Kiturkana, Kisabaoti, Kipokot, Kiteso, Kijaluo, Kikuyu na Kikisii kabla hajamaliza kununua nyanya. Baadhi ya watu hao wanatoka katika jamii ambazo tohara si mila yao. Ni majirani, ni walipa kodi, wanatibiwa katika hospitali zilezile. Ndio walio na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huu, na ndio wenye sababu nyingi zaidi za kuuficha.

Aibu ya kuonekana

Sababu hizo hazihitaji kutafutwa mbali. Agosti 2014, vyombo vya habari viliripoti kwamba wanaume walikamatwa na umati na kutahiriwa kwa nguvu huko Moi's Bridge, barabara ya kutoka Kitale kwenda Eldoret. Kumkata mtu mzima bila ridhaa yake ni shambulio, na ni kosa la jinai, hata kama umati unaimba. Lakini mbali na sheria kuna madhara ambayo hayaandikwi katika ripoti ya polisi. Mwanaume ambaye hajatahiriwa na anaishi kati ya majirani wanaotahiri hujifunza kutovua nguo mbele ya mtu yeyote. Haogi mtoni. Hapangi chumba chenye bafu la pamoja akiweza kuepuka. Siku akiona doa kwenye uume wake, mtu wa mwisho anayetaka kumwonyesha ni muuguzi wa zahanati ya kijijini, ambaye huenda ni shemeji ya mwenye nyumba.

Kwa hiyo ieleweke wazi: mgonjwa ana haki ya faragha. Anaweza kuomba kuhudumiwa na mhudumu mwanaume, akiwapo zamu. Anaweza kwenda kituo kilicho mbali na kwake; hakuna sheria inayomfunga kutibiwa katika wadi anayoishi. Na hakuna mhudumu anayeruhusiwa kumfanyia tohara kama sharti la kumchunguza.

Kuna jambo jingine la msimu ambalo halizungumzwi sana. Kila Agosti ya tohara, wapo watu wazima wanaoamua kujitoa aibu mara moja: mtu wa miaka 35 au 40 anakatwa haraka, mara nyingine usiku, mara nyingine kwa mtahiri wa kienyeji, na govi linafukiwa ardhini. Kama kwenye govi hilo kulikuwa na doa jekundu, ushahidi wote umekwenda na udongo. Mwenyewe anaamini amepona. Ikiwa seli zilizobadilika zilikuwa pia kwenye kichwa cha uume, bado zipo, na hakuna anayezifuatilia. Mtu mzima mwenye doa, kidonda au weupe wowote kwenye govi atahiriwe hospitalini, na amwambie mhudumu kabla ya sindano ya ganzi. Govi lenye doa halitupwi. Hutiwa kwenye chupa yenye formalini na kupelekwa maabara ya patholojia, na jibu la maabara ndilo linaloamua kama kisa kimefungwa au ndiyo kwanza kinaanza.

Si kila wekundu ni hatari

Wengi watakaosoma makala hii na kwenda kujiangalia watakuta kitu, na kitu hicho hakitakuwa erithroplasia. Ngozi ya sehemu hii hupatwa na mengi.

Fangasi ndio wa kwanza. Huwasha, huleta vipele vidogo vyekundu na utando mweupe chini ya govi, na hupona kwa krimu ya fangasi ndani ya wiki moja au mbili. Wakirudi kila mara, mtu apimwe sukari. Wapo wanaume waliogundua kisukari chao kwa njia hiyo.

Dawa ni ya pili, na katika sehemu hizi inastahili kutazamwa kwa makini. Baadhi ya watu wana mzio wa dawa zenye salfa, mfano Septrin na ile Fansidar iliyotumika sana kutibu malaria zamani. Kila wanapoimeza, doa la mviringo, jeusi au la zambarau, huibuka mahali palepale, na kichwa cha uume ni mojawapo ya mahali panapopendwa na mzio huu. Linaweza kuchubuka na kuuma. Mke akiliona huamini ni ugonjwa wa zinaa, na ndoa hutikisika kwa sababu ya kidonge cha kikohozi. Dalili ya kulitambua ni historia yake: hutokea saa chache au siku chache baada ya dawa, hufifia polepole, na kurudi palepale dawa ikirudiwa.

Kaswende huleta kidonda kisichouma, kigumu ukingoni, na hutibika kwa sindano ya penisilini. Malengelenge ya zinaa huuma, hupasuka na kujirudia. Pumu ya ngozi, soriasisi na michubuko ya kawaida nayo hufika huko.

Ugonjwa mmoja unahitaji maneno zaidi kwa sababu na wenyewe unaweza kuishia kwenye saratani kwa asilimia ndogo ya wagonjwa. Unaitwa likeni sklerosa. Hauanzi kwa wekundu bali kwa weupe: ngozi ya govi au kichwa cha uume hupoteza rangi, huwa nyembamba kama karatasi ya sigara, kisha hukaza. Govi lililokuwa likirudi nyuma vizuri sasa halirudi, au linapasuka likilazimishwa. Mkojo hutoka kwa shida, kama mpira wa kumwagilia uliobanwa. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo huonekana upesi, na watu wengi huuita mbalanga na kuuacha. Mbalanga haikazi ngozi. Palipokaza, mtu aende hospitali. Krimu kali ya steroidi inayosimamiwa na daktari, au tohara, huweza kuuzuia.

Na rangi yenyewe hudanganya. Picha nyingi za vitabuni ni za wazungu, ambao kwao doa la Queyrat ni jekundu kama nyanya. Kwa mwanaume mweusi linaweza kuwa jekundu, lakini pia la kahawia iliyoiva, zambarau au kijivujivu. Kinachofaa kuangaliwa zaidi ni tabia yake: halina haraka, halihami, ukingo wake ni wazi, na halisikii dawa.

Mpaka wa wiki nne

Chukua mfano wa kubuni wa mwanaume wa miaka 52 anayebeba magunia ya mahindi kwenye ghala moja la Kitale. Hajatahiriwa. Anavuta sigara. Mwezi wa pili anaona doa la ukubwa wa kidole gumba. Anakwenda duka la dawa, anaeleza kwa mafumbo, anapewa krimu ya mchanganyiko, yaani tyubu moja yenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi kwa pamoja. Doa linafifia. Anafurahi. Krimu inaisha, doa linarudi. Ananunua nyingine. Mwezi wa sita anapewa sindano na rafiki wa rafiki. Mwezi wa tisa anapaka majani yaliyosagwa, yanamchoma, na sasa kuna kidonda juu ya doa. Mwezi wa kumi na mbili kuna uvimbe.

Hakuna aliyemdanganya kwa makusudi. Steroidi hupunguza wekundu wa karibu kila kitu, hata wa saratani, kwa muda. Ndiyo maana krimu za mchanganyiko ni hatari kwa doa ambalo halijajulikana: huficha bila kutibu, na kila tyubu hula mwezi mwingine.

Kanuni ambayo wahudumu wa afya hutumia ni rahisi kukumbukwa. Doa au kidonda cha uume hutibiwa kwanza kama maambukizi, kwa sababu mara nyingi ni maambukizi. Lisipopona ndani ya wiki tatu hadi nne za dawa iliyotumiwa sawasawa, halibadilishiwi dawa tena. Hukatwa kipande kidogo na kupimwa. Mwanaume anayejua kanuni hii anaweza kuidai. Anaweza kumwambia afisa wa kliniki, kwa heshima: "Daktari, hii ni wiki ya tano. Naomba rufaa nikapimwe kipande cha ngozi."

Kipimo chenyewe kinaogopesha kwa jina kuliko kwa kitendo. Ganzi huchomwa kwa sindano nyembamba, kipande kidogo hukatwa, mara nyingine hushonwa nyuzi moja au mbili, na mtu anarudi nyumbani siku ileile. Hakiambukizi saratani wala "hakiichokozi" isambae, kama inavyosemwa vijiweni. Kipande huangaliwa chini ya hadubini na mtaalamu wa patholojia, na majibu huchukua siku kadhaa, pengine wiki kadhaa. Mgonjwa aache nambari ya simu inayopatikana, na asingoje kupigiwa. Baada ya wiki mbili aulizie mwenyewe. Majibu mengi hupotea kwenye droo kwa sababu mwenyewe hakurudi.

Safari huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya rufaa ya kaunti, iwe Kitale au Bungoma. Kisa kinachohitaji mtaalamu wa njia ya mkojo, wa ngozi au wa saratani hupelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, kama kilomita 70 kutoka Kitale. Mgonjwa abebe barua ya rufaa, kitambulisho cha taifa, na dawa zote alizotumia, hata tyubu tupu. Tyubu tupu humwambia daktari mengi kuliko maneno "nilipaka krimu fulani nyeupe". Tangu Oktoba 2024, SHA ndiyo imechukua nafasi ya NHIF. Asiyejisajili ajisajili kabla hajaugua, kwa *147# au kupitia mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake, na akumbuke kwamba huduma za hospitali kubwa zinahitaji michango iwe imelipwa, si jina tu kuwa kwenye orodha.

Matibabu, na yale yanayoogopwa

Hofu kubwa ya wanaume ni moja, na haina haja ya kuzungushwa: kukatwa uume. Kwa ugonjwa ulio bado juu ya utando, hilo silo tiba. Ni kwa sababu ya kuchelewa ndipo upasuaji mkubwa huhitajika, wakati saratani imeshaingia nyama au imefika mitoki ya kinena.

Kwa doa la mapema, hatua ya kwanza kwa asiyetahiriwa huwa tohara ya kitabibu. Huondoa doa kama liko kwenye govi peke yake, na kama liko pia kwenye kichwa huacha mahali pa wazi, pakavu, panapoangaliwa kwa urahisi. Linalobaki hutibiwa kwa krimu maalum. Mojawapo ni ya fluorourasili, dawa ya saratani inayopakwa kwa wiki kadhaa. Mgonjwa aambiwe mapema: ngozi itakuwa nyekundu zaidi, itachubuka, itauma. Huo ni utendaji wa dawa, si dalili kwamba imemdhuru, na wengi huiacha katikati kwa kutojua. Hupakwa kwa uangalifu, mikono huoshwa baadaye, na mke mjamzito asiiguse. Nyingine ni imikwimodi, inayoamsha kinga ya mwili mahali pale. Kwenye hospitali kubwa madaktari wanaweza kutumia mionzi ya leza, au kubandua ngozi ya kichwa cha uume na kuweka ngozi mpya kutoka paja. Baada ya hayo, mwanaume huendelea kukojoa akiwa amesimama na kuishi na mkewe.

Kwa mke, na kwa watoto

Sehemu kubwa ya visa hivi huhusishwa na kirusi cha HPV, hasa aina ya 16, ambayo ndiyo pia inayoongoza kusababisha saratani ya mlango wa kizazi. Hapa familia nyingi huvunjika bila sababu. Kirusi hiki ni cha kawaida mno. Watu wengi waliowahi kujamiiana wamekutana nacho wakati fulani, na kwa wengi mwili hukiondoa wenyewe. Kwa wachache hubaki kimya miaka mingi kabla ya kubadilisha seli. Doa lililoonekana mwaka huu haliwezi kumwonyesha mtu yeyote ni lini kirusi kiliingia wala kililetwa na nani. Si ushahidi wa uzinzi wa mwaka huu.

Linalofaa kufanywa ni jepesi kuliko ugomvi. Mke wa mwanaume aliyegunduliwa na ugonjwa huu apimwe mlango wa kizazi. Kipimo hicho kinapendekezwa Kenya kwa wanawake kuanzia miaka 25, na kwa wanaoishi na HIV hufanywa mara nyingi zaidi. Mwanaume mwenyewe apime HIV, kwa kuwa kinga iliyopungua huwapa HPV nafasi. Akikutwa nayo, dawa za ARV ni sehemu ya kumlinda. Na aache sigara. Uvutaji huongeza hatari ya saratani ya uume, jambo linalowashangaza wengi kwa kuwa moshi unapita mbali na mahali hapo, lakini sumu yake husafiri na damu.

Tohara yenyewe imepimwa kwa uangalifu. Katika utafiti wa Rakai, Uganda, uliochapishwa mwaka 2009, wanaume waliotahiriwa walikutwa na aina hatari za HPV kwa kiwango cha 18 katika 100 baada ya miaka miwili, dhidi ya karibu 28 katika 100 miongoni mwa wale waliokuwa hawajatahiriwa. Kenya ilianza mpango wa tohara ya hiari ya kitabibu mwaka 2008, kwa lengo la kupunguza HIV, na neno "hiari" lilichaguliwa kwa makusudi. Kinga dhidi ya saratani ya uume huwa kubwa zaidi tohara ikifanywa utotoni au ujanani. Kwa mtu mzima faida ipo, ila haifuti yaliyokwisha kuanza. Mtu asiyetaka kutahiriwa anaweza kujilinda kwa kurudisha govi nyuma na kuosha kwa maji kila siku, bila dettol wala sabuni kali, na kukausha. Mvulana mdogo asilazimishwe govi kurudi kabla ya wakati wake. Hiyo humwachia makovu.

Chanjo ya HPV imekuwa ikitolewa nchini tangu 2019 kwa wasichana kuanzia miaka 10. Wazazi wengi wanaijua kama chanjo ya mlango wa kizazi tu. Msichana aliyechanjwa hapokei wala hapitishi aina za kirusi zinazozuiwa, na mumewe wa baadaye ananufaika bila kudungwa sindano.

Baada ya matibabu kuisha, doa linaweza kurudi, na hili ndilo jambo ambalo hospitali husisitiza zaidi na wagonjwa husahau upesi zaidi. Kwa aliyetibiwa kwa krimu au leza, miadi huwa kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili ya kwanza, kisha kwa nafasi ndefu zaidi. Mtu aliyehama, mathalani kutoka Kitale kwenda kutafuta kibarua Nzoia au Webuye, anaweza kuhamisha ufuatiliaji wake hadi Bungoma; aombe nakala ya jibu la patholojia na aitunze pamoja na kitambulisho chake. Kati ya miadi moja na nyingine, ajiangalie mwenyewe mara moja kwa mwezi, mchana, penye mwanga wa kutosha, pamoja na kupapasa kinena pande zote mbili kama kuna tezi iliyovimba. Akikuta kitu, asingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.